Mpe mwalimu ufunguo wake, achana na ule wa shule nzima

Najua ukiona maneno "faili za shule" unataka kupita. Ngoja kwanza. Hizo faili ziko na jina lako, namba ya cheti chako cha kuzaliwa, namba ya simu ya mathe na alama zako tangu ukiwa mdogo. Na kama uliwahi kuitwa kwa ofisi ya ushauri nasaha ukalia, pengine hata hiyo imeandikwa mahali. Mimi niliachana na campo mwaka wa pili, na bado faili yangu ya sekondari iko kwa kompyuta ya watu. Ukitoka shule, wewe ndio unatoka. Karatasi zako zinabaki.

Sasa swali ni hili. Mwalimu akiwa nyumbani saa tatu usiku, aweze kufungua faili hizo kwa laptopu yake ama asiweze? Jibu langu ni aweze. Nikisema hivyo kuna watu wanaruka, hasa wale wanaofuatilia mambo ya udukuzi, na siwalaumu. Wana hadithi za kuogofya na nyingi ni za kweli. Acha nianze na moja yao, ndio msiseme nimeificha.

Oktoba 2025 kijana mmoja wa Massachusetts, Marekani, alihukumiwa miaka 4 jela. Wakati anafanya alichofanya alikuwa na miaka 19, bado anasoma chuo. Rika letu kabisa. Hakuandika zile kodi za kijani tunaona kwa filamu. Alitumia jina na paswadi ya mtu mwingine, mkandarasi aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kwa mfumo wa kampuni inayoitwa PowerSchool, ambayo inawekea shule rekodi za wanafunzi. Akaingia nazo kama mtu wa kazi. Alitoka na taarifa za wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu milioni 10, halafu kampuni ikaitishwa kikombozi cha karibu dola milioni 2.85 kwa Bitcoin. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 360. Kampuni ikalipa. Na unajua nini kilifuata? Mei 2025 bodi kadhaa za shule zikaanza kutumiwa vitisho tena, kwa data ileile iliyodaiwa kufutwa.

Toronto, Kanada, bodi ya shule ilibidi iwaambie watu kwamba taarifa za wanafunzi wa kuanzia mwaka wa 1985 zinaweza kuwa zilichukuliwa. 1985! Kuna mtu ako na miaka 50, ana wajukuu, na rekodi zake za shule zimeibiwa na kijana ambaye hakuwa amezaliwa.

Kwa hivyo ndio, naelewa mtu akisema funga kila kitu, faili zikae ofisini, mwalimu anayezitaka aende shule. Lakini angalia tena hiyo kesi vizuri. Kilichofunguka si kwamba kazi ilifanyiwa mbali. Kilichofunguka ni mlango uliokuwa unatosheka na paswadi moja, bila kufuli ya pili, na nyuma yake kulikuwa na rekodi za shule za watu kibao kwa pamoja. Mtu mmoja wa nje alikuwa na ufunguo wa nyumba zote za mtaa. Hilo ni kosa tofauti, na ukilichanganya na lile lingine utamnyima mwalimu kitu anachohitaji na mwizi bado ataingia.

Nieleze kidogo, kwa sababu mfumo wa Marekani haukai kama wetu. Kule shule za umma haziendeshwi na wizara moja kutoka mji mkuu. Ziko chini ya wilaya za elimu, zaidi ya 13,000, na kila wilaya ina bodi yake, bajeti yake na mtandao wake wa kompyuta. Fikiria kila kaunti ndogo hapa iwe na seva yake, fundi wake wa mitandao na sheria zake. Zamani faili zilikuwa zinakaa kwa seva ya makao makuu, na ulizifungua ukiwa ndani ya jengo la shule tu. Ukienda nyumbani umeachana nazo. Mwalimu aliyetaka kusahihisha wikendi alibeba karatasi, ama alijitumia faili kwa barua pepe yake binafsi na kuomba Mungu.

Halafu Machi 2020 ikafika. Shule zikafungwa na hakuna aliyeweza kusema "rudi ofisini". Wilaya zikafungua njia za mbali haraka haraka. Wengine walifungua vizuri. Wengine walichukua ile huduma inayokuwezesha kuona skrini ya kompyuta ya ofisi ukiwa nyumbani, wakaiacha wazi kwa intaneti nzima, kama mtu ameacha geti wazi kwa sababu mgeni anakuja. Wezi wa mtandao wana programu zinazozunguka usiku kucha zikitafuta milango kama hiyo na kujaribu paswadi moja baada ya nyingine. Desemba 2020 FBI na CISA, ambayo ni idara yao ya usalama wa mitandao, wakatoa onyo la pamoja. Kituo kinachopokea ripoti za mashambulizi dhidi ya serikali za majimbo na mitaa kilikuwa kimehesabu kwamba kati ya Januari na Julai shule zilikuwa asilimia 28 ya visa vya kikombozi vilivyoripotiwa. Agosti na Septemba, masomo yaliporudi, zikawa asilimia 57.

Los Angeles ndio kesi ambayo kila mtu wa hii sekta anaijua. Ni wilaya ya pili kwa ukubwa Marekani, na mwaka wa 2022 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000. Septemba 2022, wikendi ndefu ya sikukuu ya wafanyakazi, mafundi wakagundua Jumamosi usiku kwamba kuna watu ndani ya mfumo. Baadaye uchunguzi ulionyesha watu hao walikuwa wameingia tangu mwisho wa Julai. Mwezi mzima, buda! Wako ndani wanatembea, wanafungua kabati moja moja. Jumanne shule zilifunguliwa kama kawaida, lakini paswadi zaidi ya 600,000 za wanafunzi na wafanyakazi zilikuwa zinafaa kubadilishwa. Wilaya ikakataa kulipa kikombozi, wezi wakamwaga faili zote mtandaoni, karibu gigabaiti 500. Miezi kadhaa baadaye wilaya ikakubali kwamba ndani yake kulikuwa na ripoti za kisaikolojia za wanafunzi karibu 2,000.

Minneapolis ilikuwa mbaya kuliko hapo, na mimi ndio ilinifanya nianze kufuatilia hii mambo. Mwaka wa 2023 wezi waliitisha dola milioni 1, hawakulipwa, wakaanika faili. Mle ndani kulikuwa na kesi za watoto waliodhulumiwa kingono, maelezo yote. Mtoto amekaa na mtu mzima anayemwamini, akasema kitu ambacho hajawahi kuambia mamake. Yule mtu mzima akakiandika, kwa sababu kazi yake ni kuandika. Halafu kikaishia mahali ambapo mtu yeyote angeweza kukipakua. Alama za hesabu zikivuja utaona aibu wiki moja. Hiyo nyingine unatembea nayo.

Sawa. Kwa nini basi bado nasema mwalimu apewe?

Kwa sababu nimeona kinachotokea akinyimwa. Baada ya campo nilifanya kazi saiba moja mtaani, huku upande wa Thika Road, miezi minane hivi. Mwisho wa muhula ndio tulikuwa tunapata pesa, na wateja wetu wakubwa hawakuwa watu wa KRA ama HELB. Walikuwa walimu. Wanakuja saa kumi na moja jioni, wamechoka, vumbi la chaki bado liko kwa mkono wa koti, na mkoba uliojaa karatasi. Wanaingiza alama kwa tovuti, wanapiga chapa fomu, wanaskani vyeti. Paswadi ya shule nimewahi kuiona imeandikwa kwa kipande cha karatasi kilichoingizwa nyuma ya kava la simu, imeandikwa kwa kiganja kama mwizi wa mtihani, na siku moja mwalimu aliisoma kwa sauti kutoka simu iliyokuwa kwa loudspika, mwenzake upande ule mwingine akimtajia herufi moja moja. "B kubwa, a ndogo, alama ya mshangao." Watu sita kwa foleni wanasikia.

Siku moja mama mmoja wa miaka hamsini hivi alikuja na flashi. Alitaka nimtolee karatasi moja tu. Nikachomeka, folda ikafunguka kwa skrini, na kila faili ilikuwa imepewa jina la mtoto na shida yake. Jina, halafu "mimba". Jina, halafu "baba mlevi". Jina, halafu "anaosha nguo za watu". Sikuhitaji kufungua kitu chochote, majina ya faili yalikuwa yameshasema yote, na nyuma yangu kulikuwa na kijana anangoja kuchapisha tiketi ya kanisa. Nikageuza skrini.

"Mwalimu, hizi si ungeziacha shule?"

"Kijana wangu, shule kuna kompyuta moja. Iko ofisi ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ako mkutano, na ufunguo ako nao. Ripoti inatakikana kesho asubuhi. Sasa nifanye nini?"

Sikuwa na jibu, na sidhani wewe uko nalo. Hakuwa mzembe huyo mama. Majina ya faili aliyaandika hivyo ndio asimsahau mtoto hata mmoja. Alikuwa anafanya kazi yake saa za usiku, kwa pesa yake mwenyewe, shilingi kumi kwa ukurasa.

Na kuna jambo lingine la saiba ambalo watu hawalifikirii. Kivinjari kinauliza, "Nihifadhi paswadi?" Mteja akiwa na haraka anabonyeza ndiyo. Mashine namba 4 yetu ilikuwa inakumbuka shule tatu. Mtu yeyote angekaa pale kwa dakika kumi za shilingi kumi, aandike anwani ya tovuti, na sanduku linajijaza lenyewe. Mimi nilikuwa nafuta kila jioni kabla ya kufunga. Saiba ya jirani, sijui.

Kwa hivyo ukiniambia tukatae njia ya mbali ndio data ikae salama, nakuuliza: salama wapi? Njia ya mbali tayari iko. Inaitwa flashi. Inaitwa WhatsApp ya walimu wa Gredi ya 7, ambapo orodha nzima ya darasa imetumwa ikiwa na namba za UPI na za wazazi, na ndani ya kikundi kuna mwalimu wa mazoezi aliyeondoka Aprili na hakuna aliyemtoa. Inaitwa Gmail ya mwalimu mkuu msaidizi ambayo mtoto wake anatumia kwa michezo ya simu. Tofauti ni kwamba hiyo njia haina mlinzi, haina kumbukumbu ya nani alifungua nini, na ikivuja hakuna atakayejua hata ilivuja lini. Los Angeles walijua wezi waliingia tarehe gani kwa sababu mfumo unaandika. Flashi iliyopotea kwa mat ya Githurai haiandiki chochote.

Hapa kwetu pia hakuna wilaya za elimu zenye mitandao yao. Shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa, kaunti wameachiwa chekechea. Mambo yetu yanaingia kwa mifumo mikubwa ya Nairobi: NEMIS, ambayo wizara imekuwa ikiihamisha kwenda KEMIS, tovuti za KNEC, na mambo ya TSC. Kwa njia fulani hilo linatuweka karibu na hatari ya PowerSchool kuliko ya Los Angeles, kwa sababu kila kitu kiko nyuma ya milango michache. Julai 2023 eCitizen ilipoangushwa tulionja kidogo: hata kama hakuna faili iliyochukuliwa, mlango mmoja ukikwama nchi nzima inakwama nje.

Lakini kuna kitu tunafanya vizuri na hakuna anayekisema. Mwalimu wa Kenya akitaka kuona payslipu yake haendi kuomba paswadi ya shule. Anaingia kwa T-Pay ya TSC kwa namba yake mwenyewe na paswadi yake mwenyewe, akiwa kwake, usiku, hata akiwa ocha Desemba. Walimu zaidi ya 300,000. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu ni mshahara, na hakuna mtu angekubali walimu 20 watumie akaunti moja kuangalia mishahara yao. Basi mbona ikifika zamu ya rekodi za mtoto tunakubali shule iwe na ufunguo mmoja unaozungushwa kama ufunguo wa choo cha plot?

Hapo ndio ubishi wangu wote uko. Akaunti ya kila mtu, kwa jina lake. Ukimpa mwalimu wa Kiswahili njia ya kuingia, aone darasa lake na somo lake, si shule nzima, na ile folda ya ushauri nasaha asiione kabisa hata kama ni mtu mzuri. Mhasibu aone karo. Mwalimu akihamishwa, na TSC inahamisha watu kila saa, akaunti yake ya shule hiyo ife siku hiyo hiyo. Hii haihitaji akili nyingi kuliko ile M-Pesa wakala wa kona yenu anatumia. Yule dada wa duka ana namba yake ya mhudumu, na mwenye duka anajua nani alifanya nini saa ngapi.

Na kufuli ya pili, tafadhali. Unaweka paswadi, halafu simu yako inaletewa namba ya kuthibitisha. Najua kuna wenye watasema mambo ya kubadilishiwa laini, mtu anaibiwa namba yake ya simu halafu namba za kuthibitisha zinaenda kwa mwizi. Ni kweli inatokea, na ndio maana programu inayotoa namba ndani ya simu yenyewe ni bora kuliko SMS. Lakini hata SMS ni afadhali mara mia kuliko hakuna. Yule kijana wa miaka 19 angekwama hapo mlangoni.

Sasa VPN. Wengi wenu VPN mnayoijua ni ile mlipakua Telegram ilipozimwa wakati wa KCSE, Novemba 2024. Hiyo inakutoa nje. VPN ya kazi inafanya kinyume, inakuingiza ndani: laptopu yako iko sebuleni lakini mtandao unaiona kama iko ofisini. Watu wa teknolojia wanaipenda sana, na wilaya nyingi za Marekani wamegawia wafanyakazi. Mimi sidhani mwalimu wa kawaida anaihitaji. Ukiingiza laptopu nzima ndani ya mtandao, umeingiza pia virusi vyote ambavyo kakake mdogo amepakua akitafuta filamu za bure. Mwalimu anataka kufungua daftari la alama na barua mbili tatu. Mpe kwa kivinjari, afungue, aandike, afunge, na faili isishuke kwa laptopu yake hata kidogo. VPN waachie fundi wa mitandao na watu wa mishahara, na wapewe kompyuta za kazi, si zao.

Pesa? Hiyo ndio sababu inayotolewa kila mara na mimi siinunui yote. Google na Microsoft wote wawili wana toleo la msingi la huduma zao la bure kwa shule zinazotimiza masharti: akaunti za kila mwalimu, mahali pa kuweka faili, kufuli ya pili ndani yake. Kinachogharimu ni mtu. Lazima kuwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufungua akaunti, kuzifunga, na kuangalia kama kuna mtu ameingia saa tisa usiku kutoka nchi ambayo hakuna mwalimu wetu ako. Shule moja haiwezi kumlipa. Kaunti ndogo nzima inaweza, na hapo ndio lile wazo la Wamarekani la wilaya kuwa na fundi wake linakaa poa kwangu, ukiondoa mengine yote.

Sheria tayari iko upande wa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa njia inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Kifungu cha 43 kinasema data ikivuja na kuna hatari kwa mwenyewe, Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72. Na si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Picha! Sasa niambie, ile flashi ya mama wa saiba ingeokotwa, nani angehesabu saa 72, na kuanzia saa ngapi?

Kuna swali moja ambalo bado linanisumbua, na halitoki kwa wadukuzi. Linatoka kwa walimu wenyewe. Nilimwambia mwalimu mmoja ninayemheshimu kuhusu hii yote, nikidhani atafurahi. Akacheka. "Wewe unataka kunifungulia ofisi ndani ya chumba changu cha kulala." Alikuwa na maana. Leo mwalimu mkuu akimpigia saa mbili usiku kuuliza alama za Form Three, ana kisingizio halali: faili ziko shule. Ukimpa njia ya kuzifikia, kisingizio kimekufa. Ataulizwa Jumapili, ataulizwa likizoni, ataulizwa akiwa matanga.

Sitaki kulipita hilo haraka, kwa sababu tumeona vile kazi za simu zilivyo. Mimi mwenyewe mteja hunitumia ujumbe saa saba usiku akitaka video ibadilishwe na asubuhi anauliza mbona nimenyamaza. Mwaka wa 2022 Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu mambo ya kazi nje ya saa za kazi. Watu walimcheka, waajiri walilalamika. Mimi nilikuwa upande wake, na ni mara chache sana naweza kusema hivyo kuhusu yule seneta. Ukiweka njia ya mbali kwa shule, weka na saa. Mfumo unaweza kupangwa ukatae kutuma arifa kwa walimu baada ya saa kumi na mbili jioni. Mwalimu akitaka kuingia usiku ndio amalize mapema, aingie. Mkubwa wake asimwite huko ndani.

Na bando? Hakuna anayetaja bando. Shule ikisema fanyia kazi nyumbani, intaneti ya nyumbani ni ya nani? Yule mama alikuwa analipa shilingi kumi kwa ukurasa na nauli ya kurudi. Ukimfungulia akaunti nzuri, salama, yenye kufuli mbili, halafu anunue data kwa mshahara wake kila usiku wa mwisho wa muhula, utamkuta Ijumaa bado ako saiba, mashine namba 4, kwa sababu pale angalau wifi ni ya mwenye duka. Shule zinanunua chaki, zinanunua wino wa printa, zinanunua soda za wageni wa bodi. Gigabaiti mbili kwa mwalimu kwa mwezi zinafaa kuwa kwa orodha hiyohiyo, na mkienda mkutano wa wazazi muhula huu, wewe ama mathe, hilo ndilo ningetaka liulizwe kabla ya lile la basi la shule.